Mkalimani wa Mchezo wa Pili

Mwezi uliopita, katika kundi letu la WhatsApp la tuliomaliza shule ya msingi pamoja, mmoja wetu alituma picha ya diski mbili za michezo ya video zilizokwaruzika, amezilaza juu ya kitambaa cha meza. Akauliza: kati ya ule mchezo wa kwanza wa msichana wa taa na ule wa pili, upi ulikuwa mkali zaidi? Kundi ambalo kwa kawaida huamshwa na misiba na harusi tu likachangamka. Watu wazima wenye vitambi, walimu, wauza mafuta, muuguzi mmoja, walibishana tangu chai ya asubuhi hadi mchana. Karibu wote walichagua wa pili. Wa kwanza, walisema, ulikuwa wa watoto wachanga. Wa pili ndio uliokuwa na uzito. Kisha mmoja akaandika: "Munakumbuka nani alikuwa anatutafsiria? Muulizeni yeye, iko humu humu." Wakanitaja kwa jina. Niliandika sentensi, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta pia. Mwishowe nilizima simu, nikaenda kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Waliokulia Mulongwe, mtaa wetu wa kando ya ziwa, wakati wetu wanakikumbuka chumba kile cha michezo, ingawa mto ulikwisha kukichukua pamoja na choo chake na nusu ya ua wa jirani. Kilikuwa cha mbao, bati juu, turubai la buluu mlangoni ili wapita njia wasichungulie. Tulipaita kwa Jeu, neno la Kifaransa la mchezo, na mwenyewe tukamwita Papa Jeu, fundi cherehani aliyeumia mguu akaacha kazi ya kukanyaga mashine. Mle ndani mlinuka petroli ya jenereta, jasho la miguu, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakikaangwa na mama mmoja upande wa pili wa ukuta. Hadi leo nikipita penye ndagala wa moto, masikio yangu husikia muziki wa ule mchezo wa kwanza kabla pua haijamaliza kazi yake.

Wasichana hawakuingia mle. Mimi niliingia kwa sababu ya Kifaransa. Baba alikuwa akiwaandikia wafanyabiashara karatasi zao za forodha kule Kavimvira mpakani, na karatasi zilizoharibika alizileta nyumbani nijifunzie kusoma. Nikiwa na miaka kumi niliweza kusoma kwa sauti chochote kilichoandikwa, kwa matamshi mazuri ya mtu wa ofisini, na Baba alipopata wageni aliniita niwasomee. "Huyu ni sekretere yangu," alikuwa akisema, na wageni walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilichosoma nilikielewa. Sisi tuliona kwamba mwenye kusoma vizuri ameelewa vizuri, na mimi sikuona sababu ya kumrekebisha mtu.

Basi ile michezo ilisema kwa maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Vijana wa kwa Jeu walikuwa na vidole vyepesi, lakini walikwama kila mara kwa kutojua wanaagizwa waende wapi. Siku moja nilisimama kwenye turubai nikasoma sentensi moja kwa sauti, nikaifasiri. Papa Jeu akanipa kigoda mbele kabisa, kando ya televisheni. Tangu siku hiyo nikaitwa Mufaransa, na kile kigoda kikawa changu.

Kila Jumamosi nilikwenda na Sifa. Sifa alikuwa mtoto wa dada yake mama. Mama yake alikufa akijifungua mtoto wa pili. Baba yake alikwenda milimani kuchimba dhahabu, na hakurudi hata kuuliza. Sifa aliletwa kwetu akiwa na miaka minne na mfuko mmoja wa nguo. Wakati ninaousimulia alikuwa na sita, ameng'oka meno ya mbele, analala nami mkeka mmoja na kuniita Yaya, yaani dada mkubwa. Mama aliniruhusu kutoka baada ya kazi kwa sharti moja tu, niende na mtoto. Nilisema tunakwenda kucheza kwa rafiki yangu. Sifa alijua ni uongo na hakusema kitu, kwa sababu aliupenda mchezo kuliko mimi.

Mchezo wa kwanza ulikuwa mwanga mtupu. Msichana mwenye buti za njano anatembea kutoka kisiwa hadi kisiwa akiwasha taa, na kila taa inapowaka ndege mmoja anaamka na kumfuata. Maji yalikuwa ya buluu kama ziwa letu saa nne za asubuhi. Maneno yalikuwa machache: panda, fungua, subiri, asante. Nilitafsiri bila kukosea hata mara moja. Sifa, akiwa mapajani mwangu, aliwahesabu ndege kwa vidole vyake, na vilipokwisha akaazima vyangu. Mwishoni taa zote zilitakiwa ziwake, lakini vijana walikuwa na haraka, wakaruka kakisiwa kamoja kenye taa mbili. Mchezo ulikubali kwisha hivyo hivyo. Sifa peke yake alilalamika.

Miezi kadhaa baadaye Papa Jeu akaleta wa pili, kutoka Bujumbura. Msichana ni yule yule, buti ni zile zile, lakini amekua, amenyoa nywele, na hacheki. Ziwa limekuwa jeusi. Taa tulizoziwasha kwa jasho zimezimika zote. Ndege wamelala mchangani na mabawa yamefunguka. Muziki hakuna, ila sauti ya maji yanayogonga kitu kama mlango. Sifa alininong'oneza: "Yaya, ni kwa sababu tuliacha zile taa mbili." Nami niliamini kabisa kwamba ni hivyo. Nilidhani mchezo unakumbuka. Nilidhani diski ya kwanza imeiambia ya pili kwamba sisi wa Mulongwe tulikuwa wavivu, na giza lile lote ni adhabu yetu. Vijana walifurahia giza. Mimi liliniogopesha, na lililoniogopesha kuliko giza ni maneno. Mchezo wa pili ulijaa maneno marefu ya watu wazima, yaliyopita upesi kabla sijameza la kwanza.

Nikaanza kubuni. Mwanzoni nilijaza pengo dogo tu: nilipojua nusu ya sentensi, nusu nyingine niliishona mwenyewe kwa kuangalia picha. Baadaye nilishona robo tatu. Nilipokosea, vijana walidhani wao ndio wamekosea vidole. Ningeweza kusema, "Hii siielewi." Sikusema. Kile kigoda kilikuwa mahali pekee duniani ambapo wavulana wakubwa walinyamaza ili mimi niseme.

Jumamosi moja walitoka watu majini. Walikuja polepole hadi ufukweni, weupe, hawana macho, wengi, wakamzunguka yule msichana. Hawakumgusa. Maandishi yakatokea, mstari mrefu, na ndani yake nilitambua maneno mawili tu: jina na maji. Kashindi, kijana aliyeshika maneti, kile kifaa cha kuchezea, alipiga kelele bila kugeuza shingo: "Mufaransa! Banasema nini? Haraka!"

"Banasema..." nikavuta pumzi. "Banasema, kila mutu bataita jina yake. Mwenye kuitika, atashuka nabo mu maji."

Chumba kizima kikaguna kwa woga wenye utamu. "Eeh! Hii ni kali!" Kashindi alisema, na akaniangalia, mara ya kwanza, kama mtu anayemwangalia mkubwa wake. Nakumbuka joto lililonipanda mashavuni. Nakumbuka pia kwamba Sifa, mapajani mwangu, alikauka kama kijiti. Yote mawili niliyasikia kwa wakati mmoja, na nilichagua lile joto.

Njiani kurudi alinishika kidole. "Yaya, benyewe banajua jina yangu?"

Hapa nilikuwa na nafasi ya kwanza. Lakini niliona faida: Sifa alikuwa anaanza kuwa mropokaji, na siku moja angemwambia mama tunakokwenda. Nikamwambia, "Banajua jina ya kila mutu mwenye kubaangalia. Ndiyo maana usiseme kwa mutu fasi tulikuwa. Ukisema, batasikia."

Hakusema kwa mtu. Ila aliacha kuitika. Mama akimwita kutoka jikoni, Sifa alikuja mbio bila kutoa sauti, akasimama mbele yake mdomo umefungwa. Mama alidhani ni mchezo wa kitoto, akacheka. Baadaye Sifa akakataa kwenda ziwani kuoga. Akakojoa mkekani, jambo aliloliacha zamani. Na katika wiki hizo hizo mdogo wangu Dodo, wa miezi minane, akashikwa na homa iliyokuwa ikipoa asubuhi na kurudi adhuhuri, na mama akawa hacheki tena.

Mchana mmoja mama alimwita akamletee ndoo. "Sifa!" Kimya. "Sifa!" Kimya. Mara ya tatu mama akaingia ndani, akamkuta chini ya meza ameziba masikio.

"Weye Sifa, mbona hauitike siku hizi?"

"Minye si Sifa."

"Unasema nini?"

"Usiite ile jina, Mama. Iko batu mu maji. Habana macho. Banaita majina ya batu."

Mama Chantal, jirani yetu, muuza vikwembe, yaani vitenge, alikuwa ameketi mlangoni amempakata Dodo anayechemka. Alimtazama mama, mama akamtazama yeye. Nilikuwa nimesimama pale pale na sahani mkononi, na niliona wazo likipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila neno. Kisha Mama Chantal akasema kwa sauti ya chini, kama anayemhurumia mtu: "Mama Dodo, mutoto wa mutu aliyekufa... Minye sitaki kusema kitu. Lakini ule mutoto iko na kitu."

Jioni ile Baba alirudi kabla jua halijaingia nyuma ya milima. Mama alimweleza. Baba hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alimwita Sifa, akamweka mbele yake, akamuuliza kwa upole nani alimwonyesha watu wasio na macho. Sifa aliniangalia. Aliniangalia tu, akabana midomo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Ndipo Baba akanigeukia.

"Sekretere yangu, weye ndiye unatembeaka naye. Aliona fasi gani hizi vitu?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Sikuogopa fimbo, Baba hakuwa na fimbo. Niliogopa kwamba nikisema kwa Jeu, atataka kujua nilikuwa nafanya nini kule, na nikisema nilikuwa nasoma, ataniuliza yale maneno yalisemaje, na kwa mara ya kwanza atajua kwamba sekretere wake hajui Kifaransa. Hilo tu. Lilikuwa dogo hivyo.

"Sijui, Baba," nilisema. Na kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniomba: "Wakati mwingine anasemaka peke yake, kama anaongea na mutu."

Siku ya tatu Sifa alipelekwa kwenye chumba cha maombi, nyuma ya nyumba ya mwanamke aliyesifika mtaani kwa kufunga na kuombea. Baba alisema siku tatu tu, na wasimpige. Hawakumpiga. Walimnyima chakula ili alichokuwa nacho kidhoofike, wakampaka mafuta usoni hadi macho yakawa mekundu, wakapiga makofi na kuimba wakimzunguka. Siku ya mwisho, mchana, mama alinituma nipeleke maji. Nikasimama penye upenyo wa ukuta wa mbao.

Sifa alikuwa ameketi katikati ya mkeka, midomo imepasuka. Wanawake wanne walikuwa wamemzunguka, wamefumba macho kwa maombi, wamenyoosha mikono. Mwenye chumba aliinama mbele yake akaita: "Sifa! Itika! Kama ni weye, itika!" Wengine wakapokea: "Sifa! Sifa! Itika!" Yeye alitikisa kichwa. Kila alipokataa, wakaita kwa nguvu zaidi, wakiamini kwamba ukaidi ule si wa mtoto. Wanawake wale hawakuwa wabaya. Mmoja wao alikuwa analia kwa huruma. Katika chumba kile chote aliyejua kinachoendelea ni mimi peke yangu, nje, na jagi la maji mikononi.

Sikuingia. Nilihesabu pumzi zangu. Nilijiambia labda ni kweli ana kitu, labda ule mchezo umeingia ndani yake, labda wao wanajua. Nilijiambia hivyo na wakati huo huo nilijua kwamba najidanganya.

Mwishowe aliitika. "Niko," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeitikia hodi isiyoepukika. Kisha akalia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtoto, kilio cha mtu aliyekwisha kwenda. Wanawake waliruka, wakaimba, wakamkumbatia. Walidhani amefunguliwa. Yeye alidhani amechukuliwa.

Dodo alipona, mama alikuwa amempeleka pia kwenye kituo cha afya, akapewa dawa, lakini shukrani ziligawanywa kati ya dawa na maombi. Sifa alirudi nyumbani akiitika kila anapoitwa, mara moja, bila kuinua macho. Hata hivyo Mama hakuweza tena kumwachia Dodo mikononi. Kabla ya mwezi kwisha walimpeleka Bwegera kwa bibi, "akale mchele mzuri anenepe," kama walivyosema. Asubuhi ya kuondoka alinikumbatia kiunoni kwa muda mrefu. Nikampa kitana changu. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye kigoda changu, na tuliumaliza mchezo wa pili, mimi nikitafsiri.

Nilipokuwa sekondari, siku moja Bujumbura, nilimkuta kaka wa rafiki yangu akiucheza mchezo ule. Wakati huo Kifaransa nilikuwa nimekijua kweli. Watu wakatoka majini, mstari ukatokea, nikausoma wote. Walikuwa wanasema: tuambie jina lako, maana maji yametusahaulisha yetu. Basi. Walikuwa waliozama, wanaomba msaada. Ukiwaambia jina, wanakaa mchangani kimya na kukuachia njia. Wenzangu katika lile kundi wana haki ya kuubishania. Mchezo wa pili ulikuwa na giza kuliko wa kwanza, lakini haukuwa mkatili. Ukatili niliutia mimi.

Wiki mbili baada ya ubishi ule nilikwenda Bwegera kumwona Sifa. Tulikuwa tumeonana kwa misiba na ubatizo, tukisalimiana katikati ya watu. Sikuwahi kwenda kwa ajili yake peke yake. Kule wanamjua kwa jina la mtoto wake, Mama Ombeni. Nilimkuta anaugeuza mpunga juu ya turubai kwa mguu, mwanamke mrefu, mnene kidogo, meno yake yote yapo. Alifurahi hadi akaacha kazi. "Yaya! Na haukusema kama unakuja!"

Nilimwambia kabla sijakaa, nikijua kwamba nikikaa nitakunywa maji, nikinywa maji nitasema habari za watoto. Nilimwambia habari za kigoda, za maneno mawili niliyoyatambua, za uongo niliouongeza njiani. Alisikiliza huku anaokota vijiwe kwenye mpunga.

"Minye najuaka tangu zamani kama ilikuwa jeu," alisema. "Niliikuta hapa, kwa mwalimu mumoja, niko na miaka kumi na mbili. Nilicheka mpaka nikalia. Nikasema, kumbe Yaya naye walimudanganya kama minye. Alikuwa mutoto. Aliogopa kama minye." Akatupa kijiwe. "Kila nilipokuwa nakumbuka ile chumba, nilikuwa nasema: afazali nilikuwa na Yaya, tuliogopa babili."

Niliinama, nikaokota kijiwe kimoja kwenye mpunga.

"Kitu sikujuaka," alisema, "ni kama weye ulijua."

Mguu wake ulikuwa umesimama kwenye mpunga. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kumaliza hesabu aliyoanza: "Baba alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukasema nini?"

Ningeweza kusimama kwenye "sijui." Ilikuwa kweli pia, nusu yake. Nilimwambia yote, hadi lile la kusema peke yake, lile ambalo sikuombwa. Aliitikia kwa kichwa polepole mara kadhaa. Huko juu milimani kulikuwa na wingu, na upepo wa mvua ulianza kuinua pembe za turubai. "Shika huko," alisema. Tukashika, yeye upande wake na mimi wangu, tukauburuta mpunga hadi chini ya paa, tukaumimina kwenye magunia. Tulifanya kazi vizuri pamoja, bila kugongana. Tulipomaliza alinawa mikono, akafunua sufuria, akanitengea kiti kizuri, kile cha wageni.

"Karibu chakula, mama," alisema, kama anavyomkaribisha mwanamke yeyote aliyefika mlangoni kwake.